Jicho Jekundu Lisilo na Matongo

Januari 2024 Dar es Salaam ilivaa miwani myeusi. Ndani ya daladala kila mtu alichunga asimguse mwenzake. Msikitini na kanisani salamu za mikono zilipungua, na aliyejifuta jicho kwa leso alitazamwa vibaya hata kama ni vumbi tu. Ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umeingia mjini. Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni virusi, kwamba vinahama kwa mikono na taulo, na kwamba kinga yake ni maji na sabuni. Waghana huuita ugonjwa wa jamii hiyo Apollo mpaka leo, kwa sababu mlipuko wake mkubwa wa kwanza ulitokea Ghana mwaka 1969, majira yaleyale chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini. Wengi wetu tuliugua, tukawashwa, tukaamka na kope zilizogandana kwa matongo, na baada ya wiki moja au mbili tukapona.

Mbele ya nyumba tunayopanga kuna kibanda cha fundi cherehani. Naye siku zilezile jicho lake likawa jekundu. La kulia peke yake. Asubuhi halikuwa na matongo, mchana halikuwasha, na wala hakumwambukiza mkewe au mtoto aliyelala naye kitanda kimoja. Lilimuuma kwa ndani, kama jino linavyouma, na akitoka kibandani kwenda juani alilifumba na kulifunika kwa kiganja. "Fundi, na wewe zamu yako imefika," tulimwambia. "Itapita tu hiyo." Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, tena nikicheka, na sijaacha kujilaumu.

Haikupita. Wiki ya pili jirani mmoja alimletea maji ya majani ya chai, mwingine akamkingia maziwa ya mama kwenye kikombe cha kahawa, kwa nia njema kabisa. Wiki ya tatu akaenda duka la dawa, akajieleza, akauziwa kichupa cha matone. Baada ya siku mbili jicho likawa jeupe, akaacha dawa. Baada ya siku kumi wekundu ukarudi, akanunua kichupa kingine. Alikwenda hivyo hadi Septemba, vichupa sita au saba, mpaka asubuhi moja aliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano. Akafumba jicho la kushoto ili ajipime. Kibanda chote kilikuwa kama kimejaa moshi wa kuni.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. "Kaka, ulikuwa wapi miezi yote hii?" daktari wa macho alimuuliza.

"Duka la dawa, daktari."

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita yuveitisi. Kwa Kiswahili chetu ni mchochota ndani ya jicho: sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata moto, kuvimba na kuuma kwa sababu mwili umepeleka pale askari wake. Mchochota kwenye kidole kilichochomwa na mwiba tunaujua sote, na hautusumbui sana. Kidole kina nafasi ya kuvimba, na usaha una njia ya kutoka. Jicho ni tufe dogo lililofungwa, upana wake hauzidi sentimita mbili na nusu, na kila kilichomo ndani lazima kibaki angavu kama maji ya kisima kilichotulia, la sivyo mwanga haupiti.

Jina lenyewe lina asili ya kupendeza. Matabibu wa kale walipochuna ganda jeupe la nje la jicho walikuta tufe jeusi lililoning'inia kwenye mshipa wake wa fahamu kama tunda kwenye kikonyo. Wakaona zabibu. Kwa Kilatini zabibu ni uva, na tabaka lile likaitwa uvea. Ukishika zabibu nyeusi ya Dodoma na kuitazama pale ilipochomoka kwenye kikonyo, utaelewa walichokiona. Tabaka hilo lina sehemu tatu. Mbele ni irisi, ile duara yenye rangi inayozunguka mboni. Nyuma yake ni pete ya misuli inayoivuta lenzi na kutengeneza maji ya jicho. Na chini ya retina limetandazwa zulia la mishipa ya damu linaloilisha. Kote ni damu tupu. Kwa hiyo chochote kinachozunguka kwenye damu ya mtu, kiwe kijidudu au askari wa mwili waliokasirika, hufika hapo mapema.

Mchochota wa mbele, unaoishika irisi, hupiga kelele. Jicho huwa jekundu, na wekundu wenyewe hukolea kuizunguka ile sehemu nyeusi kama pete, tofauti na macho mekundu ya virusi ambapo weupe wote huiva. Mwanga huuma. Mboni huwa ndogo. Kuona hupungua. Mchochota wa nyuma ni wa hila zaidi, kwa sababu jicho linaweza kuwa jeupe kabisa na lisiume hata kidogo. Mgonjwa huona tu vitu vyeusi vinaelea mbele yake kama mbu au nyuzi za utando, au sehemu ya sura ya mtu inakosekana anapomtazama. Wengine husema ni uchovu, wengine husema ni uzee, ilhali ugonjwa huu hupenda watu walio katika umri wa kufanya kazi, kati ya miaka 20 na 60.

Turudi chumba cha daktari. Alizima taa, akamketisha fundi mbele ya mashine, kidevu juu ya kibao, paji la uso kwenye mkanda. Mashine hiyo ni hadubini iliyounganishwa na taa inayotoa mwanga mwembamba kama ukingo wa karatasi. Taa hiyo ya mwanya aliibuni Allvar Gullstrand wa Sweden na kuionyesha mwaka 1911, mwaka uleule alipopata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake juu ya jicho na mwanga. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za bati tunajua mwale wa jua unavyopenya kwenye tundu la msumari saa nne asubuhi, vumbi likielea ndani yake. Ndivyo daktari aonavyo jicho lenye mchochota. Katika jicho zima mwale hupita kwenye maji bila kuonekana, maana maji ni safi. Katika jicho linalowaka mwale unaonekana wazi, na ndani yake chembe nyeupe za damu zinapanda na kushuka. Daktari huzihesabu. Hakuna duka la dawa lenye mashine hiyo, na bila mashine hiyo hakuna anayeweza kukuambia kama jicho lako jekundu ni la kungoja au la kukimbizwa.

Alichokiona kwa fundi kilikuwa zaidi ya chembe. Irisi ilikuwa imegandamana na lenzi iliyo nyuma yake, huku imeachia, kule imeshika, hata mboni ikawa na pembe pembe kama jani lililoliwa na mdudu. Lenzi ilikuwa na mtoto wa jicho, kwa mtu wa miaka 41. Na presha ya jicho ilikuwa juu.

Kwa nini mwili wa mtu uliunguze jicho lake? Swali hili limewashughulisha wataalamu muda mrefu. Peter Medawar, mwanabiolojia wa Uingereza, alionyesha mwaka 1948 kwamba kipande cha ngozi ya mwingine, ambacho mwili hukikataa kikipandikizwa kwenye ngozi, kinaweza kuvumiliwa kikiwekwa kwenye chumba cha mbele cha jicho. Jicho lina amri yake ya amani. Askari wa mwili huzuiwa mlangoni, na wanaoingia hutulizwa, kwa sababu vita ndani ya chumba kile, hata ukishinda, vinaacha makovu, na kovu dogo kama punje ya mtama likikaa katikati ya retina linatosha kumfanya mtu asisome tena. Yuveitisi ni siku ile amri ya amani inapovunjika.

Mara nyingine anayeivunja ni mgeni. Mfano wetu wa karibu ni usubi, ugonjwa wa wakazi wa kando ya mito iendayo kasi, kama kule Mahenge katika wilaya ya Ulanga. Nzi mdogo mweusi anamuuma mtu na kumwachia mnyoo. Mnyoo unazaa watoto wasioonekana kwa macho. Watoto hao wanatembea chini ya ngozi na baadhi wanaingia jichoni. Wakiwa hai hawachokozi sana. Wanapokufa, mwili huvamia mizoga yao, na uvamizi huo, ukirudiwa miaka na miaka, ndio unaopofusha. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikitoa bure dawa ya Mectizan dhidi ya ugonjwa huo, na waliohusika na ugunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Vidonge vinavyogawiwa vijijini kila mwaka, ambavyo baadhi ya watu huvitupa kwa kuwa "sisi hatuumwi", vimeokoa macho kuliko upasuaji mwingi.

Mara nyingine mgeni ni kifua kikuu, au kaswende, au kijidudu cha toksoplasma kinachopatikana kwenye kinyesi cha paka na nyama isiyoiva. Mara nyingine hakuna mgeni. Mwili wenyewe umekosea, kama unavyokosea kwenye viungo vya mwenye baridi yabisi ya kinga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui msemo unaoueleza ugonjwa huu vizuri zaidi. Na kwa wagonjwa wengi vipimo vyote hufanywa na chanzo kisipatikane. Hutibiwa hivyohivyo, na wengi hutulia. Majibu ya damu ya fundi wetu ni yake na daktari wake.

Kisa kilichonifanya niuheshimu ugonjwa huu ni cha daktari aitwaye Ian Crozier. Ni Mmarekani aliyezaliwa Zimbabwe, na kabla ya mambo haya alikuwa akifanya kazi Kampala, kwenye taasisi ya magonjwa ya kuambukiza iliyoko Mulago. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa inateketeza Afrika Magharibi, alijitolea kupitia Shirika la Afya Duniani kwenda Kenema, Sierra Leone. Septemba akaugua. Alisafirishwa hadi hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, akalazwa kwa takriban siku 40, akifikia kusaidiwa kupumua kwa mashine na figo zake kufanyiwa kazi na mashine nyingine. Alipona. Damu yake ilipimwa, haikuwa na kirusi, akaruhusiwa.

Wiki kadhaa baadaye jicho la kushoto likaanza kuwa na ukungu na maumivu, presha ikapanda. Madaktari walichoma sindano nyembamba, wakavuta tone la maji ya ndani ya jicho. Ebola ilikuwa imejaa humo, wiki 9 baada ya kutoweka kwenye damu. Machozi yake na ngozi laini ya nje ya jicho havikuwa na kirusi, kwa hiyo aliyemgusa hakuwa hatarini. Adui alikuwa amejificha ndani ya chumba kile ambacho askari hawaruhusiwi kuingia. Amri ya amani ilikuwa imemlinda kirusi. Jicho lake, lililokuwa la buluu, likageuka kijani. Akapoteza karibu uwezo wote wa kuona kwa jicho hilo. Alipewa dawa ya kuzima mchochota pamoja na dawa ya kupambana na virusi iliyokuwa bado katika majaribio, na polepole uwezo wa kuona ukarudi, na rangi ya buluu ikarudi. Taarifa yake ilichapishwa Mei 2015 katika jarida la kitabibu la New England.

Kisayansi hili halikuwa jipya kabisa. Mwaka 1975, Johannesburg, virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, vilikuwa vimepatikana ndani ya jicho la mgonjwa zaidi ya miezi miwili baada ya kuugua. Lakini ni jicho la Crozier lililowafanya watu waanze kuwasikiliza manusura wa Liberia, Sierra Leone na Guinea, ambao kwa miezi walikuwa wakilalamika kwamba hawaoni vizuri na wakaambiwa washukuru kwamba wako hai. Crozier mwenyewe alikwenda Monrovia mwaka 2015 pamoja na madaktari wa macho wa Emory kuwapima. Utafiti mkubwa uliofanywa Liberia na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta zaidi ya robo ya manusura wana mchochota ndani ya jicho, zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa kwa ndugu na majirani zao ambao hawakuugua.

Somo hilo lilitufikia nyumbani. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri, kwenye miji ya Waswahili wenzetu wa Congo kama Beni na Butembo, mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, watu 3,470 waliugua na zaidi ya 2,200 wakafa. Safari hii manusura hawakuachwa wapofuke wakishukuru Mungu kwa kuwa hai. Mwaka 2019, mlipuko ukiwa bado unaendelea, kliniki ya macho ilifunguliwa Beni kwa ajili yao, na waliokutwa na mchochota walianzishiwa tiba mapema. Nasi Tanzania tuna sababu ya kuukumbuka mfano huo, kwa kuwa Kagera ilipata Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Aliyepona ugonjwa wa namna hiyo anastahili kupimwa macho, tena zaidi ya mara moja.

Sasa dawa. Kabla ya katikati ya karne iliyopita madaktari hawakuwa na kitu cha maana cha kuzima mchochota wa jicho. Waliwahi hata kuwapandishia wagonjwa homa kwa makusudi wakitumaini itasaidia. Kisha mwaka 1948, huko Rochester katika jimbo la Minnesota, Marekani, Philip Hench alimdunga mgonjwa wa baridi yabisi dawa iliyoitwa kotisoni, na mtu aliyekuwa hajiwezi akatembea baada ya siku chache. Miaka miwili baadaye Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Muda si mrefu dawa za jamii hiyo, steroidi, zikafika kwenye jicho, na zimebaki kuwa nguzo ya tiba hadi leo. Hutolewa kama matone, pengine kila saa mwanzoni, kisha hupunguzwa taratibu kwa wiki nyingi. Kukatisha ghafla ni kuuchochea moto upya, na ndicho fundi alichokuwa akikifanya kila alipoona wekundu umeondoka. Pamoja nayo hutolewa matone ya kutanua mboni, ambayo humfanya mgonjwa aone ukungu na kumchukiza, lakini ndiyo yanayoizuia irisi isigandame na lenzi. Wagonjwa wengi huyaacha hayo kwanza. Kwa wale ambao steroidi haziwatoshi au zinawadhuru zipo dawa nyingine za kutuliza kinga ya mwili, zikiwemo za kizazi kipya kama adalimumabu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya kwa yuveitisi mwaka 2016. Bei yake bado iko mbali sana na mifuko yetu.

Steroidi ileile, mikononi mwa asiyejua anachokitibu, ni hatari ambayo naamini bado hatujaisema kwa sauti ya kutosha. Vichupa vingi vinavyouzwa "kwa ajili ya macho mekundu" vina dawa mbili kwa pamoja, ya kuua bakteria na steroidi. Hiyo ya pili hung'arisha jicho lolote kwa siku mbili, liwe na ugonjwa gani, na ndiyo maana inapendwa. Kama jicho lina kidonda cha kirusi cha hapisi kwenye kioo chake cha mbele, steroidi hukipa kirusi uhuru, na kidonda hukila kioo. Ikitumika miezi, huleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Na kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho kimyakimya, bila maumivu, mpaka mshipa wa fahamu wa jicho ufe, na ukifa haurudi. Hizi ni dawa za cheti. Muuzaji anayezitoa bila cheti hafanyi ubaya kwa makusudi, mara nyingi anataka kumsaidia jirani yake mwenye haraka, lakini anayelipa gharama ni mnunuzi, tena kwa jicho lake. Binafsi ningependa kila kichupa cha steroidi kiandikwe onyo kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo hata mwenye jicho moja anaweza kuzisoma.

Na vitu vya jikoni? Maji ya chai, maziwa ya mama, asali, mate, mkojo, majani yaliyotwangwa: hakuna hata kimoja kinachofika ndani ya jicho ulipo mchochota, na vyote vinaweza kubeba vijidudu vya kulitia kidonda kwa nje.

Kuna watu ambao jicho lao linapaswa kuchungwa kwa karibu kuliko la wengine. Mtu mwenye mkanda wa jeshi usoni ni mmoja wao. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso na kope, angalia ncha ya pua. Mshipa wa fahamu unaofika kwenye ncha ya pua ndio unaoingia pia ndani ya jicho, kwa hiyo lengelenge likionekana pale, jicho liko hatarini sana, na anayesubiri liume kwanza anachelewa. Anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuharibika retina bila kuhisi kitu. Hata anapoanza dawa za kufubaza virusi na kupata nguvu, kinga inayorudi inaweza kuliwasha jicho upya, kama askari waliorudi kutoka likizo na kukuta mambo yameharibika kambini. Hilo lisimwogopeshe mtu akaacha dawa. Amwambie tu mhudumu wake akiona vitu vinaelea au kona ya macho imeingia giza.

Watoto ndio wanaoniumiza zaidi. Mtoto mwenye baridi yabisi ya utotoni, yule ambaye goti lake moja limevimba wiki baada ya wiki na watu wanasema alianguka akicheza, anaweza kuwa na mchochota ndani ya macho yote mawili huku macho ni meupe, hayaumi, na mwenyewe anacheza. Hatasema haoni vizuri, kwa sababu hajui wengine wanaonaje. Mtoto huyo hupimwa macho kila baada ya miezi michache hata kama halalamiki. Mzazi anayejua hilo ni mmoja kati ya wengi mno.

Yupo mtoto mmoja ambaye dunia nzima inamjua jina bila kujua kwamba huenda ugonjwa huu ndio uliompata. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 huko Coupvray, Ufaransa, mwana wa fundi wa ngozi aliyetengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 alichukua kitoboleo cha baba yake, kikateleza, kikamchoma jicho moja. Jicho la pili halikuguswa. Lakini nalo likaanza kuwaka, na kufikia miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Madaktari wengi wa leo wanaamini ilikuwa ni ile hali ambayo jicho lililotobolewa linauonyesha mwili vitu vya ndani ya jicho ambavyo haujawahi kuviona, na mwili ukisha kuvihesabu kuwa ni adui unavishambulia katika jicho lililobaki zima. Hutokea kwa nadra, na siku hizi jeraha likitibiwa mapema na kinga ikitulizwa jicho la pili huokolewa mara nyingi. Namkumbuka Braille kila nikipita mahali wanapopasua kokoto kwa nyundo bila kitu usoni, au kwenye gereji ambako kijana anakata chuma na cheche zinamrukia machoni, kajikinga kwa kugeuza shingo. Miwani ya kazi ya plastiki si ghali. Aliyechomwa jicho na chuma, jiwe au mwiba asikae nyumbani kwa sababu "jingine bado linaona".

Mengine ya kujilinda nitayapitia haraka, kwa kuwa mengi yanajulikana: kunawa mikono, kupika nyama ikaiva, kupima kaswende na VVU bila aibu, kumaliza dozi ya kifua kikuu, kumeza vidonge vya usubi vinapogawiwa. Sigara huongeza uwezekano wa kupata mchochota huu na hufanya utulie kwa taabu. Miwani myeusi hupunguza maumivu ya mwanga lakini haitibu chochote. Na mtu aliyewahi kuugua akubali kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Jicho lililowahi kuwaka likianza tena kuuma kwenye mwanga, aende siku hiyohiyo, kwa kuwa tayari anaujua uso wa adui yake.

Fundi alitibiwa miezi kadhaa ili jicho litulie kabisa. Mtoto wa jicho wa namna yake haondolewi moto ukiwa bado unafuka; madaktari husubiri jicho likae tulivu angalau miezi 3. Alipasuliwa Juni 2025. Anaona rangi za vitambaa kwa jicho la kulia, anaona mtu akiingia kibandani, lakini upande wa pua wa jicho hilo umebaki giza, kwa sababu mshipa wake wa fahamu ulishaumia kwa presha. Sindano hutunga kwa jicho la kushoto. Vile vichupa vitupu aliviweka kwenye kopo la vifungo, na mteja akija na jicho jekundu huvimwaga mezani na kumweleza.

Msomaji wangu, ukiwa na jicho jekundu leo, jiulize mambo manne kabla ya kwenda dukani. Ni moja tu? Linauma kwa ndani? Mwanga unaliumiza? Ukifunika lile jingine, unaona hafifu kuliko jana? Ukijibu ndiyo hata kwa moja kati ya matatu ya mwisho, usinunue chochote. Nenda kwenye hospitali yenye daktari wa macho na taa ile ya mwanya, iwe CCBRT au Muhimbili kwa wa Dar es Salaam, KCMC kwa wa Moshi, Kikuyu kwa ndugu zetu wa Nairobi, Mengo kwa wa Kampala, au hospitali ya mkoa iliyo karibu nawe. Na kama unasoma gazeti hili Jumamosi, usingoje Jumatatu: hospitali kubwa zina mtu wa zamu leo.